Stoo ya marehemu mwalimu: betri ya sola, TV ya chogo na simu tisa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Baba yetu, mwalimu mstaafu, alifariki mwaka jana na sasa tunasafisha stoo yake. Tumekuta betri ya sola N100 iliyokufa, TV ya chogo, deki, simu tisa, boksi la taa za kuokoa umeme, redio yake ya kaseti, na debe zima la betri za tochi zilizokwisha. Mume wangu anataka tuchimbe shimo migombani tufukie vyote. Mama mkwe anasema betri za tochi tuzitupe chooni ili choo kisijae. Mdogo wangu yuko machimboni Chunya, anataka simu azitoe dhahabu. Na kijana wa skrepa keshapita mara mbili kuuliza. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba dada, na poleni kwa msiba. Nilipofika kwenye debe la betri nilicheka peke yangu, maana najua mwalimu alikuwa akiliwekea nini. Tutafika huko.

Kati ya washauri wako wanne, aliye karibu zaidi na ukweli ni kijana wa skrepa. Ndiye pia ninayemwogopa kuliko wote. Yuko karibu na ukweli kwa sababu anajua vitu hivyo ni mali na mahali pake si ardhini. Namwogopa kwa anayoyafanya njiani, akishatoka getini kwako na kabla hajafika kwenye mzani wa tajiri wake.

Kwanza ondoa haraka. Vitu vya stoo hiyo, vikiwa vizima na vikavu, havina ugomvi na mtu. TV ya chogo inaweza kukaa pembeni miaka kumi isimdhuru hata paka anayelala juu yake. Sumu yake imefungiwa ndani ya kioo, plastiki na bati. Inatoka pale mtu anapopasua, anapochoma moto, au anapofukia penye maji. Na Tukuyu ni wapi hapana maji? Kwenu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na chemchemi mnazochotea ziko mabondeni, chini ya migomba hiyo hiyo. Kinachoyeyuka shambani kwako kinafuata maji, na maji ya Rungwe yanashuka na mito ya Kiwira na Mbaka mpaka Kyela, kisha Ziwa Nyasa. Kwa hiyo shimo la mume wako, shemeji anisamehe, ndilo wazo baya kuliko yote manne.

Vitu vya kushughulikia wiki hii ni viwili tu: hiyo N100, na simu yoyote ambayo betri yake imevimba. Vingine vinaweza kusubiri mpaka mpate mzigo wa kutosha kwenda Mbeya.

Betri ya ukubwa huo ina kama kilo 25 hadi 30, na zaidi ya nusu ya uzito ni madini ya risasi. Ndiyo maana haikosi mnunuzi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, joto ambalo jiko la mkaa linalifikia bila taabu, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Mtu anapasua betri kwa shoka, anatoa mabamba, anayayeyusha kwenye sufuria nyuma ya nyumba ili apate chubwi za nyavu au donge la kuuza. Moshi unakwenda na upepo lakini vumbi linabaki uani, na uani ndipo watoto wanapocheza na kulamba vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unafyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Inaharibu ubongo taratibu. Mtoto anakuwa mzito darasani, na mwalimu anadhani ni mvivu.

Kuna kitongoji cha pwani karibu na Dakar, Senegal, kinaitwa Thiaroye-sur-Mer. Watu walikuwa wakichekecha udongo wenye mabaki ya betri kuukuu ili wauze risasi, wengine wakauhifadhi udongo huo majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Karibu na kwetu kuna Owino Uhuru pale Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na rufaa zikaendelea miaka mingine baada ya hapo. Sikuelezi haya kukutisha. Nataka ujue kwa nini nasema hivi: betri hiyo iuze, ila iuze ikiwa nzima, na maji yake ya tindikali ndani.

Hayo maji ndiyo yanayonifanya nimwogope kijana. Tajiri wa skrepa hanunui maji, ananunua risasi, na kijana hataki kubeba uzito usiolipwa. Nilipokuwa fundi Mwanjelwa, Mbeya mjini, niliwahi kupita jioni nikakuta betri sita zimepinduliwa ukingoni mwa mtaro, zikimwaga polepole, povu jeupe linachemka kwenye udongo. Baada ya siku tatu nilipita tena. Majani ya ukingo mzima yalikuwa ya kahawia kana kwamba mtu ameyamwagia uji wa moto. Tindikali hiyo haitoki peke yake, inatoka na risasi iliyoyeyukia ndani yake. Sasa fikiria mtaro huo ungekuwa kijito cha kwenu.

Mahali pazuri pa kuipeleka ni duka linalouza betri za sola na za magari. Maduka mengi ya namna hiyo hupokea betri mbovu na kukupunguzia bei ya mpya, kwa sababu wao hukusanya mzigo wakausafirisha kwa wachakataji. Ukiwa na mpango wa kununua nyingine, uliza kabla ya kutoa pesa: "Ya zamani mnapokea?" Wakikataa, nenda duka la pili. Wakikubali, uliza wanaipeleka wapi. Mwenye duka anayejua jibu atakujibu hapo hapo. Anayeangalia dari, mwache.

Kuisafirisha nako kuna adabu yake. Isimame wima muda wote, ndani ya beseni la plastiki, na vichwa vyake viwili uvifunike kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli na kuvifunga vizuri, maana chuma kikigusa vichwa vyote viwili utaona cheche ambazo hukuzitarajia kwenye betri uliyoiita mfu. Usiisukumie chini ya kiti cha koasta penye miguu ya abiria na mikungu ya ndizi. Kirikuu ya jirani inayokwenda Mbeya ni bora. Ikimwagika kidogo, nyunyizia jivu la kuni au chokaa kwa wingi. Ikikurukia mwilini, maji mengi ya bomba, tena kwa dakika nyingi, kabla ya kutafuta dawa yoyote.

Tuje kwenye simu. Zipange zote tisa mezani, vua kava, kisha ziangalie kwa ubavu. Betri yenye afya ni bapa kama kadi ya kliniki. Inayokufa vibaya hutuna kama kitumbua: mfuniko wa nyuma haufungi tena, au kioo kimeanza kuachana na fremu. Gesi imejaa ndani. Hiyo usiichaji eti uone kama itawaka, usiibane irudi, na tafadhali usiitoboe kwa pini "kuitoa upepo". Nimeona fundi mzoefu akifanya hivyo mbele ya mteja, na nimeona nyusi zake baada ya hapo. Betri ya lithiamu ikitobolewa hujiwasha kutoka ndani, na moto wake hauzimiki kwa kufunikwa blanketi. Kama inatoka kwa vidole, itoe taratibu. Kama imegandishwa ndani, iache na simu yake. Weka kwenye kopo la bati la maziwa ya unga, izungushie mchanga mkavu, mfuniko uwe juu bila kukazwa, kisha liweke kopo nje ya nyumba, upenuni, pasipo na mvua wala jua. Pawabenki na tochi za kuchaji zilizovimba nazo ziende huko huko.

Zile ambazo hazijavimba zibandike selotepu kwenye meno yake ya shaba, moja moja, zisigusane.

Kwa kuwa mnasafisha stoo na watoto wapo, nichomekee hili hapa. Vibetri vya duara kama kidonge, vile vya saa na rimoti ndogo, vikimezwa na mtoto ni dharura. Kikikwama kwenye koo kinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Mkimbizeni hospitali ya Makandana wakati huo huo, wao wataamua kama ni wa kwenda Rufaa Mbeya. Mtoto aliyepita mwaka mmoja mnaweza kumpa vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, visizidi mara sita. Nimesema njiani. Msikae nyumbani mkisubiri asali ifanye kazi.

Kabla simu hazijaondoka, jaribuni kuziwasha zile nzima kwa chaja. Humo kuna picha za baba, na huenda kuna sauti yake. Hamisheni, toeni laini na memori, kisha futeni kila kitu na kuondoa akaunti yake. Laini ya marehemu msiitupe kabla ya kujua kama ina salio. Pesa ya kwenye simu nayo ni mirathi, na kampuni za simu zina utaratibu wa kuikabidhi kwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kutumia namba yake ya siri kimya kimya kumewahi kugombanisha familia ninazozijua. Msishangae pia mkikuta simu inawaka vizuri lakini haishiki mtandao: Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima, na nyingi ziliishia kwenye stoo kama hiyo. Bado ni tochi, ni redio, ni kikokotoo cha dukani. Mpe anayehitaji.

Kuhusu mdogo wako, tumtendee haki, kwa sababu hajakosea. Dhahabu imo. Kwa wastani simu moja ina kama gramu 0.03, maana yake tani ya simu ina gramu zipatazo 300, wakati mawe mengi yanayosagwa kwenye makarasha hutoa gramu chache tu kwa tani. Ila simu zenu ni tisa. Kwa hesabu hiyo mkivuna yote bila kupoteza chembe mtapata kama gramu 0.3, imetandazwa nyembamba kuliko karatasi kwenye bodi tisa. Zebaki aliyoizoea huko Chunya haitaifikia, kwa sababu imekaa chini ya plastiki na shaba. Itabidi atumie tindikali kali, na moshi wake wa rangi ya kahawia huunguza mapafu saa kadhaa baada ya mtu kudhani amenusurika. Wanaoitoa kwa faida ni mitambo kama ya Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, ambako bodi huyeyushwa kwa matani na moshi kusafishwa kabla haujatoka. Mwambie mdogo wako kaka yake mmoja wa Mbeya anamsalimu, na kwamba dhahabu ya Chunya iliyo ardhini inalipa zaidi.

Sasa debe. Nikiwa darasa la nne tuliagizwa kila Ijumaa ya mwisho wa muhula kuleta betri mbili zilizokwisha na konzi ya majani ya viazi vitamu. Betri tulizipasua kwa jiwe nyuma ya darasa, tukachota ule unga mweusi, tukaukanda na majani yaliyotwangwa, tukapaka ubao mpaka ukawa mweusi kama sufuria ya shule. Mikono ilibaki hivyo mpaka Jumapili kanisani. Naamini kabisa baba yako aliliweka debe lile kwa ajili ya ubao fulani, akastaafu kabla halijatumika. Unga ule ni manganizi na kaboni pamoja na chumvi za zinki au amonia. Kuushika mara moja hakukutuua, lakini vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu, na betri za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na zebaki na kadimiamu kidogo ambazo sasa zimepungua sana. Kwa hiyo debe la mwalimu si sawa na betri mbili ulizonunua juzi. Msiruhusu mtu azipasue, hata kama bado kuna shule inayoomba.

Lazima niseme ukweli wa upande wa pili pia. Betri mpya za tochi na rimoti ni kitu cha mwisho kwenye orodha yangu ya hofu. Marekani, karibu majimbo yote isipokuwa California huruhusu betri za alkalini zitupwe na taka za nyumbani. Tofauti ni kwamba pipa lao linaishia kwenye dampo lililotandikwa sakafu isiyopitisha maji. La kwetu linaishia korongoni.

Mama mkwe sasa, na umweleze kwa upole, kwa sababu imani yake ina chanzo. Zinki inayotoka kwenye betri hushikana na ile gesi yenye harufu ya mayai viza, ikaifunga. Kwa hiyo mtu aliyetupa betri chooni huenda kweli alinusa mabadiliko, akahitimisha kuwa choo "kinaliwa". Ukweli ni kinyume. Choo cha shimo hakijai upesi kwa sababu mbili: maji yanachujika ardhini, na vijidudu vinavyokula kinyesi vinakipunguza. Chumvi za madini ni sumu kwa vijidudu hao hao. Unapotupa betri unafukuza wafanyakazi wa shimo, na yale maji yanayochujika sasa yanabeba madini kwenda nayo. Halafu fikiria desturi yetu: shimo likijaa tunachimba jingine, na la zamani tunapanda mgomba juu.

Debe lenyewe liinamishe polepole, mimina kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ukiwa umevaa mifuko ya plastiki mikononi. Zilizovuja zitakuwa na unga mweupe na kutu; ziweke kwenye mfuko wake. Ndoo ikae pakavu. Usitumie bati, maana ukungu wa Tukuyu utalila ndani ya misimu miwili.

TV ya chogo: hii isipasuliwe kwa gharama yoyote. Kioo chake ni chupa kubwa isiyo na hewa ndani, na ikivunjika ghafla hujikunja kwa ndani kisha ikarusha vigae. Sehemu ya nyuma ya kioo hicho imechanganywa na risasi kuzuia mionzi, na kwa TV nzima inaweza kufika kilo moja hadi tatu. Vijana hupenda kuvunja shingo yake kwa nyundo wachukue koili ya shaba, kisha kioo wanakiacha. Shaba yenyewe haijazi kiganja. Kama TV inawaka, bado inafanya kazi na king'amuzi. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na baadaye mikoani, watu wengi walidhani TV zao zimekufa kumbe zilihitaji kisanduku tu. Mpe mtu. Kama haiwaki, fundi anaweza kuitaka kwa spea, ila muulize swali moja: kioo utakipeleka wapi? Akisema "nitakitupa", baki nayo. Wakati wa kuibeba, laza kioo kifudifudi juu ya blanketi au godoro, ndiko uzito ulipo. Na mfuniko wa nyuma asifungue mtu asiye fundi, ndani kuna umeme uliojificha hata kama imechomolewa. Bega langu la kulia linajua.

Deki na nyaya: usikubali mtu achome nyaya kwenu kupata shaba. Hapa ninajisuta mwenyewe, kwani tulikuwa tukizichoma nyuma ya banda letu kila Jumamosi, tukiota moto wa baridi ya Julai kwa moshi wa plastiki. Moshi ule una dioksini, sumu inayosababisha saratani, na inaganda kwenye majani ambayo ng'ombe wanakula na kwenye matuta ya mchicha. Nyaya humenywa kwa kisu kama muwa. Ni kazi, lakini shaba inatoka safi na hata bei yake ni nzuri zaidi kuliko ya shaba iliyoungua.

Taa za kuokoa umeme, zile za mirija iliyojikunja, zina zebaki kidogo sana, miligramu chache. Zikae ndani ya boksi lake, na boksi lisiwekewe kitu juu. Ikivunjika moja, toa watoto, fungua madirisha, ondokeni robo saa. Usifagie, ufagio unarusha zebaki hewani. Kusanya kwa kipande cha kadibodi, chembe ndogo zinase kwa selotepu, tia vyote kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko. Taa za LED hazina zebaki.

Vinakwenda wapi, basi? Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, yaani vifaa vya umeme vilivyotupwa kama hivi vyenu, na zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3 tu. Kwa hiyo ukiona njia ni finyu Tukuyu, hamko peke yenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, na mwaka 2021 zilitoka kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Anayekusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizi kama biashara anatakiwa kuwa na kibali. Wachakataji wengi wako Dar es Salaam, lakini NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini pale Mbeya. Hapo ndipo pa kuuliza nani ana kibali na anapokea nini kwa sasa. Kabla ya hapo, pita kwa afisa mazingira wa halmashauri yenu hapo Tukuyu. Usiende kumlalamikia. Mwambie una vitu gani na uzito gani, na umuulize kama wapo wengine waliokuja na swali kama lako.

Swali hilo la mwisho ndilo la maana, kwa sababu mkusanyaji hapandi mlima kufuata TV moja. Anafuata mzigo. Nyumba kumi za mtaa wenu zikitoa simu, TV na betri zake, ushirika wenu wa kanisa la Moravian au shule aliyofundisha baba ikitoa kona moja kavu, inayofungwa kwa kufuli, basi mna kitu cha kumpigia mtu simu. Kirikuu moja itatosha. Na hapo kijana wa skrepa anaweza kuwa na kazi halali: anajua kila nyumba, ana mkokoteni, ana nguvu. Mlipeni kwa kuleta vitu vizima. Tatizo lake tangu mwanzo ni kwamba analipwa kwa kuvunja.

Imebaki redio. Hukuniuliza chochote kuihusu, umeitaja tu, tena umeiita "yake". Fungua kimlango cha betri kwa nyuma. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye spring'i, betri zilivuja humo ndani. Kama zilikuwa za kawaida za bei rahisi, futa kwa kitambaa chenye maji na jivu laini lililochekechwa. Kama ziliandikwa alkalini, tumia pamba yenye matone ya ndimu. Kausha, kwangua spring'i kwa msasa mpaka ing'ae, weka betri mpya, zungusha ile swichi ya sauti huku na huku mara ishirini hivi maana hushika vumbi. Itakoroma kwanza. Endelea kuzungusha.